Dawa Nyekundu ya Kifua Kikuu na Bakteria Anayeitengeneza



Katika kliniki za kifua kikuu huku kwetu, kuanzia Shinyanga mjini, Kahama hadi Geita, mgonjwa aliyeanzishiwa dawa juzi akirudi kwetu na swali, mara nyingi swali lenyewe halihusu kikohozi. Linahusu mkojo. Ameamka alfajiri akajisaidie ili atawadhe, akaona mkojo una rangi ya chungwa lililoiva, karibu na damu. Moyo unamwenda mbio. Wapo wanaorudi kutuuliza, na hao ndio wenye bahati. Wengine huweka vidonge pembeni siku hiyohiyo na kuwaambia jirani kuwa dawa za hospitali zinaunguza figo.

Jibu letu huwa fupi: ni rangi ya dawa, usiogope, endelea kumeza. Ni jibu la kweli. Lakini mtu anayetakiwa kumeza kitu kila siku kwa miezi sita ana haki ya kujua zaidi ya hapo. Rangi hiyo inatoka kwenye dawa iitwayo rifampisini, moja kati ya nne zilizofungwa ndani ya kidonge kimoja cha miezi miwili ya mwanzo. Nyingine tatu ni isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Hizo tatu zilibuniwa na wanakemia ndani ya maabara. Rifampisini ni tofauti, kwani chimbuko lake ni kiumbe hai. Anayeitengeneza ni bakteria wa udongoni, na namna anavyoitengeneza ndiyo itakayotuonyesha kwa nini mchimbaji wa Nyarugusu anayekatisha dawa anaweka hatarini watu wengi kuliko anavyodhani.

HARUFU YA MVUA YA KWANZA

Unaijua harufu inayopanda mvua ya kwanza inapogusa udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga baada ya kiangazi kirefu. Wenyeji huifurahia, kwa maana majembe yanakaribia kutoka. Sehemu kubwa ya harufu hiyo inatokana na bakteria. Wapo bakteria wanaoishi udongoni kwa makundi, wakijitandaza kama nyuzi nyembamba mithili ya ukungu, waitwao Streptomyces, na wao hutoa kemikali ambayo pua ya binadamu huinusa hata ikiwa kidogo sana.

Bakteria hao na jamaa zao wa karibu ndio viwanda vya asili vya dawa nyingi tunazoziita antibayotiki. Tetrasaiklini, eritromaisini, kloramfenikoli, streptomisini, zote chimbuko lake ni bakteria wa udongoni. (Penisilini ina ukoo mwingine. Hiyo hutoka kwenye ukungu, na amoksilini tunayowapa watoto ni kizazi chake.) Kwa nini bakteria ajihangaishe kutengeneza sumu ya kuua bakteria mwenzake? Wataalamu bado wanajadiliana. Wengi wanaona kuwa ni silaha ya kugombea chakula, kwa sababu mara nyingi bakteria hao huanza kuitengeneza chakula kinapopungua. Wengine wanasema kwamba kwa kiasi kidogo huwa ni njia ya kupelekeana habari. Ardhi tunayoikanyaga kwa viatu ina vita na mazungumzo ambayo hatuyasikii, Subhanallah.

Hapa niseme jambo moja kabla sijaeleweka vibaya. Haya hayana maana kwamba udongo ni dawa. Kupaka udongo kwenye kidonda au kwenye kitovu cha mtoto mchanga ni kumkaribisha pepopunda. Na wale mama zetu wajawazito wanaotafuna pemba wasitumie makala hii kama hoja.

Mwaka 1943, kijana mwanafunzi aitwaye Albert Schatz, akifanya kazi kwenye maabara ya Selman Waksman katika chuo cha Rutgers nchini Marekani, alipata kutoka kwa bakteria hao dawa ya streptomisini, ya kwanza kuwa na nguvu ya wazi dhidi ya kifua kikuu. (Mwalimu na mwanafunzi wakafikishana mahakamani mwaka 1950, na Tuzo ya Nobel ya 1952 akapewa Waksman peke yake.) Streptomisini ndiyo sindano ambayo wazee wetu waliougua zamani wanaikumbuka kwa maumivu yake.

Rifampisini ilifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1957, maabara ya kampuni ya Lepetit mjini Milan, Italia, ilipokea udongo kutoka msitu wa misonobari ulioko pwani ya kusini mwa Ufaransa. Ndani yake akapatikana bakteria ambaye leo anaitwa Amycolatopsis mediterranei. Alikuwa akitoa mchanganyiko wa kemikali zenye uwezo wa kuua bakteria wengine, na watafiti wakazipa jina lililotokana na sinema ya Kifaransa iliyovuma wakati ule, Rififi. Kemikali zile za mwanzo hazikufaa kumezwa. Ikachukua miaka kadhaa ya kuzirekebisha mpaka mwaka 1965 ilipopatikana rifampisini, inayofyonzwa vizuri tumboni. Ikaanza kutumika huko Italia mwaka 1968. Mpaka leo viwanda vinamfuga bakteria huyo ndani ya mapipa makubwa, vinavuna kazi yake, kisha wanakemia wanaimalizia.

TASBIHI YA SHANGA KUMI

Sasa anaitengenezaje? Swali hili lilimshughulisha kwa miaka mingi Heinz Floss, mtaalamu wa kemia ya viumbe hai mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani. Moja ya njia walizotumia wataalamu wa fani yake ni rahisi kuielewa kwa mfugaji. Wewe ukitaka kujua ng'ombe wako wamefika wapi unawapiga chapa. Wao walimlisha bakteria chakula ambacho atomu zake zimewekewa alama, kisha wakaichunguza dawa iliyotoka ili kuona alama zile zimekaa sehemu gani. Polepole wakajua kila kipande kimetoka kwenye chakula gani. Mwaka 1998 Floss na wenzake wakachapisha mpangilio wa jeni zinazoongoza kazi hiyo, ambazo zimekaa pamoja kwenye sehemu moja ya urithi wa bakteria huyo, kama vyombo vya fundi ndani ya sanduku moja.

Chukua mfano wa tasbihi. Mtengenezaji wa tasbihi huanza na kile kipande kirefu cha mwanzo, kisha hupitisha shanga moja baada ya nyingine, na mwisho hurudisha uzi pale alipoanzia na kufunga duara. Bakteria huyu hufanya hivyo hasa. Kipande chake cha mwanzo ni kemikali maalumu anayoitengeneza mwenyewe. Kisha kuna mstari wa vimeng'enya, yaani mafundi wadogo mno wa mwilini, wenye vituo kumi. Kila kituo huongeza shanga moja tu, huirekebisha kidogo, na kuusogeza mnyororo kwa kituo kinachofuata. Shanga zenyewe ni vipande vya aina mbili vya kawaida kabisa vya kemia ya mwili: viwili vya aina moja na vinane vya aina nyingine. Baada ya kituo cha kumi, kimeng'enya kingine hukamata ncha ya mnyororo na kuifunga kwenye kipande cha mwanzo. Duara limekamilika. Mafundi wengine hulipamba hapa na pale, na dawa hutolewa nje.

Kituo kimoja kikiharibika, tasbihi haifungiki. Hakuna fundi anayeruka zamu ya mwenzake.

Je, dawa hii inaua vipi? Kila bakteria ana kitabu cha maagizo yake ya maisha, ambacho hakitoki mahali pake. Ili afanye kazi yoyote ni lazima awepo mwandishi anayenakili ukurasa unaohitajika na kuupeleka kwa mafundi. Mwandishi huyo ni mashine moja yenye mlango mdogo wa kutolea karatasi. Rifampisini hujipachika ndani ya kijishimo kilichoko jirani na mlango huo. Mwandishi anaanza kunakili, herufi ya kwanza, ya pili, pengine ya tatu, karatasi inagonga dawa na kukwama. Wataalamu wa New York waliipiga picha hali hiyo kwa mionzi mwaka 2001 na ikaonekana wazi. Bakteria asiyeweza kunakili maagizo hana maisha. Mwandishi wa mwili wa binadamu ana umbo jingine, dawa haimshiki, na ndiyo maana tunaweza kuimeza.

Hapo linakuja swali ambalo mtoto wa darasa la nne angeliuliza. Kama dawa hiyo inaua bakteria, mbona huyo anayeitengeneza hafi?

Hafi kwa sababu mbili. Ya kwanza, anayo pampu ya kuisukuma dawa nje haraka. Ya pili ndiyo kubwa: kijishimo cha mwandishi wake kina umbo tofauti kidogo, hivyo dawa yake mwenyewe haimshiki sawasawa. Ametengeneza ufunguo wa kufunga milango ya wengine, na wake ana kitasa kingine.

KITASA KINAPOBADILIKA

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu kifua kikuu sugu kinatumia hila ileile. Kwa wagonjwa wengi mno ambao rifampisini haiwasaidii, ukichunguza bakteria wao unakuta kijishimo kilekile kimebadilika. Katika takriban wagonjwa 95 kati ya 100 wa namna hiyo, mabadiliko yako ndani ya kipande kimoja kifupi cha jeni, chenye herufi 81 tu. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, hutafuta kifua kikuu kwenye makohozi na papo hapo kukisoma kipande hicho. Majibu yanaweza kupatikana ndani ya saa mbili hivi.

Mabadiliko hayo hayasababishwi na dawa, na bakteria hajifunzi. Yanatokea kwa bahati, wakati bakteria anapojigawa na kunakili kitabu chake, kama karani anavyokosea herufi. Takriban bakteria mmoja katika milioni mia moja wa kifua kikuu huwa tayari ana kitasa kisichofungwa na rifampisini, kabla hajaiona dawa hiyo hata mara moja. Kwa isoniazidi ni kama mmoja katika milioni moja. Unaweza kusema ni wachache mno. Lakini pafu lililotoboka shimo kwa kifua kikuu linaweza kubeba bakteria milioni mia moja na zaidi! Ukimpa mgonjwa huyo rifampisini peke yake, waliozoeleka watakufa, kikohozi kitapungua, atashukuru, na wale wachache sugu watabaki wakiongezeka bila mpinzani.

Ukimpa zote mbili kwa pamoja hesabu inabadilika. Anayeikwepa rifampisini atauawa na isoniazidi, na kinyume chake. Kupata mmoja anayezikwepa zote mbili kwa bahati kunahitaji bakteria wengi kuliko wanaoweza kuenea kifuani mwa mtu. Hiyo ndiyo sababu ya dawa nne ndani ya kidonge kimoja. Mtu anayemeza wiki mbili, akaacha wiki moja, akarudi siku nne, anaivuruga hesabu hiyo. Dawa hizi hazitoki mwilini kwa kasi moja wala haziui kwa kasi moja, kwa hiyo kuna siku bakteria wanakabiliana na moja tu. Tena wapo bakteria waliolala, hawajigawi, dawa inawapata polepole. Hao ndio wanaotulazimisha kwenda miezi sita hata kama mgonjwa amenenepa na kucheka tangu mwezi wa pili.

Na hiyo miezi sita yenyewe, ndugu msomaji, ilithibitishwa huku kwetu. Zamani tiba ilikuwa miezi 18. Mwaka 1970, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza pamoja na madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walianza kujaribu tiba ya miezi sita, na matokeo ya awali yakachapishwa 1972. Wagonjwa waliopewa streptomisini na isoniazidi tu kwa miezi sita, ugonjwa uliwarudia karibu 29 katika kila 100. Waliopewa hizohizo pamoja na rifampisini, uliwarudia karibu 3 katika kila 100, sawa na wale wa miezi 18. Kila mgonjwa duniani anayemaliza tiba kwa nusu mwaka anafaidi vifua vya Waafrika Mashariki waliokubali kujaribiwa. Sijui kwa nini jambo hili halimo kwenye vitabu vya shule zetu.

Baada ya hapo ikaja kazi ya kuilinda. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, ukisaidiwa na Dk. Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia. Rifampisini ilikuwa ghali sana wakati huo. Ilipoingizwa katika tiba ya muda mfupi miaka ya 1980, ilitolewa kwa miezi miwili ya mwanzo tu, mgonjwa akiimeza mbele ya mhudumu wa afya, hakuna kupewa ya kwenda nayo nyumbani. Miezi iliyobaki alimalizia kwa dawa nyingine. Wengine waliona ni kudharau wagonjwa. Mimi naona ilikuwa busara: walijua kuwa silaha hii ikiharibika hakuna nyingine ya bei ya maskini. Mpangilio huo wa Tanzania ndio uliochukuliwa na Shirika la Afya Duniani miaka ya 1990 ukasambazwa nchi nyingi. Leo tunatoa rifampisini kwa miezi yote sita, na mgonjwa anaweza kuchagua kumezea nyumbani chini ya msimamizi wa familia. Mlinzi wa dawa amehama kutoka wodini. Sasa ni wewe mama wa nyumba, au kaka mkubwa, uliyetajwa kwenye kadi ya mgonjwa.

MACHIMBONI

Kwa nini nasisitiza Geita na Kahama? Kwanza ni vumbi. Mwamba wenye dhahabu huku una mawe meupe ya kwatzi, na anayeuchoronga ndani ya duara au kuusaga kwenye karasha anavuta vumbi kali lililo laini kuliko unga wa ngano. Vumbi hilo huweka makovu ndani ya mapafu na kuua askari wa mwili wanaokaa humo. Pafu lililoharibika hivyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi mara kadhaa kuliko la mkulima. Kitambaa cha kufunga puani kinasaidia kidogo tu. Kumwagia maji jiwe kabla ya kulipiga na kulisaga kunapunguza vumbi zaidi, japokuwa wenye karasha hawapendi kusikia habari ya maji ya kununua kwa dumu.

Pili ni kulala watu kumi kwenye kibanda cha turubai, milango imefungwa kwa kuogopa wezi. Kifua kikuu husafiri kwa hewa. Dirisha lililo wazi ni dawa isiyo na gharama.

Tatu, na hili ndilo linalotuumiza zaidi sisi matabibu, ni kuhama. Kijana anaanza dawa vizuri, uzito unaongezeka, mwezi wa tatu inasikika rashi, dhahabu imetoka kwingine, na usiku huohuo amepanda gari. Hamwambii mtu. Kumbe angepita kliniki dakika kumi tungemwandikia fomu ya uhamisho, na huko aendako angeendelea na dozi yake kuanzia siku aliyofikia, bila malipo. Sisi hatuulizi leseni ya uchimbaji wala kijana anamfanyia nani kazi. Ewe mzazi, mwanao akiaga kwenda machimboni na anatumia dawa, muulize fomu kabla hujamuuliza nauli.

Nne ni duka. Mtu anakohoa wiki tatu, anakwenda duka la dawa muhimu, anapewa rangi mbili, akirudi anapewa siprofloksasini. Hizi za mwisho zina hatari ya pekee, kwani zinaweza kukituliza kifua kikuu kwa siku kadhaa bila kukiponya. Homa inashuka, anarudi durani, uchunguzi unachelewa, na anaendelea kuwaambukiza wenzake. Tena ndugu zake siprofloksasini ndio tunaowategemea kutibu kifua kikuu sugu. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukitokwa jasho usiku, ukikonda, ukipata homa za jioni, peleka makohozi hospitali kabla hujanunua kitu. Vipimo vya kifua kikuu na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya Serikali.

Kifua kikuu sugu kinatibika, nisiwatishe. Tanzania ilianza kukitibu mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, na baadaye huduma ikasogezwa mikoani. Lakini kwa miaka mingi tiba hiyo ilikwenda mpaka miezi 20, na miezi kadhaa ya sindano kila siku, sindano ambazo baadhi ya wagonjwa ziliwaacha viziwi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya vidonge kwa miezi sita kwa wengi wao, na hilo ni faraja kubwa. Hata hivyo, dawa hizo mpya nazo zinaweza kupata usugu, na mfereji wa dawa mpya kutoka udongoni haumiminiki kama ulivyokuwa miaka ya 1950.

MASWALI YA NYUMBANI

Rangi ya chungwa hutokea kwenye mkojo, jasho, machozi na mate. Wanaswali wanauliza: je, jasho lenye rangi linatengua twahara au linanajisi kanzu? Kwa nilivyofundishwa, jasho na machozi ni twahara, na rangi ya dawa haibadilishi asili yake. Mkojo ni najisi kama ulivyokuwa jana. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, lakini asiache dawa akisubiri jibu. Ila macho yakigeuka manjano, ukatapika na kukosa hamu ya kula kabisa, hiyo si rangi ya dawa. Ini linalalamika, njoo kliniki siku hiyohiyo.

Rifampisini hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, walau nusu saa kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Mwezi wa Ramadhani, aliye katika miezi miwili ya mwanzo, bado dhaifu, ana ruhusa ya mgonjwa ambayo kila mwanafunzi wa madrasa anaijua. Asione haya kuitumia, atalipa siku zake akipona. Aliyepata nguvu azungumze na tabibu wake ili wapange saa ya usiku. Asijipangie mwenyewe.

Dawa hii pia huliharakisha ini kuvunja dawa nyingine. Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango au kijiti aseme, kwa sababu vinaweza visimkinge. Vivyo hivyo mwenye kisukari, na anayetumia dawa za VVU. Tunabadilisha dozi, hatumhukumu mtu.

Watoto chini ya miaka mitano wanaolala chumba kimoja na mgonjwa waletwe wachunguzwe hata kama hawakohoi. Akikutwa hana ugonjwa atapewa dawa ya kinga. Mgonjwa mwenyewe kwa wiki mbili za mwanzo, au mpaka tabibu amruhusu, asali nyumbani, kwani anao udhuru, na akikohoa afunike mdomo kwa kitambaa au mkono wa kanzu.

Na unapotakiwa kuleta makohozi, yale mazuri ni ya alfajiri, kabla ya kula. Sukutua kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka chini kabisa ya kifua, utemee kwenye kikopo ulichopewa ukiwa nje kwenye hewa, mbali na watu. Mate ya mdomoni hayatusaidii. Funga kifuniko, osha mikono, ulete asubuhi hiyohiyo.

Toleo lijalo, in shaa Allah, tutaangalia zebaki inayochomwa kwenye mialo na majikoni, na kwa nini haifai kuchomewa kwenye sufuria inayopikiwa ugali.